Mstari Mmoja wa Lambo Letu

Nilizaliwa Cheyo, mjini Tabora, katika ukoo uliookotezwa kando ya njia ya misafara. Ukiwauliza wazee wetu asili yetu, mmoja atakutajia Ujiji, mwingine Ugogo, na mwingine atakwambia uache maswali ule chakula. Kiswahili ndicho tulichoamkia. Kwa hiyo nilipoolewa Igunga, katika kijiji cha upande wa Choma, nilikuwa mgeni kwelikweli: sikujua Kisukuma na sikujua kukamua ng'ombe. Nilijua kushona. Mume wangu aliniwekea cherehani barazani kwetu, na kwa zaidi ya miaka ishirini kijiji kizima kilipita pale kupimwa. Wakaniita fundi, na hata wanangu walijulikana kama watoto wa fundi.

Kijiji kile kiliishi kwa lambo. Walilichimba kwa majembe kabla mimi sijafika, na kila aliyeshiriki alikuwa bado anakuonyesha alipochimba. Watu walichota humo, ng'ombe walikunywa humo, kandokando wanawake walilima mchicha na nyanya, na upande wa pili vijana walifyatua matofali. Waligombana kila mwaka, lakini maji yaliwatosha.

Halafu ukaja mwaka ambao mvua zilikatika mapema. Mwenyekiti wa kijiji na wenzake wachache walimruhusu mkulima mmoja, mtu wa mbali, aweke mashine ya kuvuta maji ayapeleke kwenye majaruba yake ya mpunga. Siamini kwamba mwenyekiti alikuwa mtu mbaya. Aliahidiwa kwamba vijana watapata kazi, akaona ni heri. Kosa lake ni kwamba hakutuuliza.

Aliyegundua ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa kwaya ya kanisani, mwenye sauti ya kufika kitongoji cha pili. Alikwenda kuchota asubuhi akarudi na ndoo ya tope. Hakuingia kwake. Alisimama njiani akalimwaga lile tope chini watu waione, kisha akaanza kuita. Niliiacha sketi ya shule ndani ya cherehani, sindano ikiwa bado imezama kwenye kitambaa, nikatoka. Tulipofika lamboni yeye akalikalia bomba la mashine, mimi nikakaa pembeni yake, na wanawake wengine wakajipanga mpaka bomba halikuonekana tena. Mwendesha mashine alitutazama, akazima mwenyewe.

Tulikaa siku tatu. Wafugaji walikuja na fimbo zao wakasimama nyuma yetu. Wafyatua matofali waliacha kazi. Vijana wa bodaboda walituletea maji ya kunywa kutoka kijiji cha jirani, wakatupiga picha kwa simu. Walikuwepo Waislamu, walokole, Wakatoliki, na wale ambao dini yao ni mizimu ya kwao. Nyimbo ziliimbwa kwa Kisukuma, nami nikazijua pale pale, nimekaa juu ya bomba. Sijawahi kukipenda kijiji kile kama siku zile.

Siku ya tatu akaja mtendaji wa kata kwa pikipiki. Alikuwa kijana mpole. Aliwaamkia wazee, akavua kofia, akasema:

"Nimewasikia. Mashine haitawashwa leo wala kesho. Sasa niambieni mnataka nini, niandike, nikipeleke wilayani."

Halafu mfugaji mmoja mzee, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, akasema, "Bustani zitoke kandokando ya lambo. Ng'ombe wetu hawana njia."

"Ng'ombe ndio watoke!" akajibu mama mmoja wa mchicha. "Wanatumalizia bustani!"

"Mwenyekiti ajiuzulu," wakapaza sauti vijana.

"Hayo ni maneno ya chama chenu, si ya lambo," mtu akadakia nyuma.

Baada ya hapo sikusikia tena maneno, nilisikia kelele. Mtendaji alisubiri na kalamu yake mkononi mpaka akachoka, akasema tumletee kwa maandishi jambo tulilokubaliana. Alasiri tulirudi nyumbani katika makundi manne yasiyosemezana. Siku chache baadaye, nikiwa barazani kwangu, nikaisikia mashine inanguruma. Mlio ule uliniuma kuliko tope.

Niliwaza sana siku zile. Niliona kwamba tulikubaliana kukataa tu, na kukataa hakukuuliza mtu sababu. Mwenye ng'ombe na mwenye mchicha waliikataa mashine ile ile, kila mmoja kwa sababu inayomgombanisha na mwenzake. Tulipokuwa tunaimba hilo halikuonekana. Lilionekana siku tulipoulizwa swali la heshima na mtu aliyekuwa tayari kutusikiliza.

Nikachukua daftari langu la vipimo, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nilianza kwa yule mzee wa ng'ombe, maana nilimwogopa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Mayu ni mama, ndivyo wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu. "Umekuja kunipima?"

"Nimekuja kukuuliza habari ya lambo. Ukipewa nafasi ya jambo moja, utasema nini?"

"Mbona hukuniuliza siku zile tatu?"

"Siku zile tulikuwa tunaimba, baba."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia niandike kwamba bustani ziondoke. Nikaandika. Kwa akina mama wa mchicha nikaambiwa niandike kwamba ng'ombe wasikaribie. Nikaandika. Wafyatua matofali walitaka sehemu yao ipimwe. Vijana walitaka mwenyekiti mpya. Na mimi nikaongeza langu: pawe na upande wa kuchota maji tu, ambapo ng'ombe hawaingii, maana wanangu walikuwa wameumwa tumbo mara nyingi. Mwisho wa juma nilikuwa na kurasa mbili ambazo hakuna mtu mmoja angeweza kuzitia sahihi zote.

Na maneno yakaanza. Jirani yangu alikuja uani kwangu wakati napepeta mchele, akabaki amesimama.

"Mwenzangu, nikuulize kitu, usinifiche. Unautaka uenyekiti?"

"Nani kasema?"

"Wanasema. Wanasema huko kupita nyumba kwa nyumba ni kampeni. Na wanakumbuka baba mkwe wako alikuwa chama gani."

Nikaanza kupepeta kwa nguvu. Miaka yote ile niliyowashonea, nikijifunza kuwasalimu kwa lugha yao, na bado mguu wangu ukitoka nje ya baraza unatafutiwa kisa.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijasema. Ndiyo maana nimekuja kuuliza."

Ungo ukanitulia mkononi. Nikamwambia siutaki, sasa wala baadaye. Akanitazama, akaketi kwenye kinu, akasema, "Basi yaseme hayo mbele ya watu. Ukinyamaza, hata barua ikiwa nzuri wataisoma kwa kutafuta jina lako ndani yake."

Tulikutana Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa shule. Nilisimama, nikasema sitagombea cheo chochote katika kijiji kile. Kisha nikaeleza utaratibu ambao mimi na jirani yangu tuliupanga: nitasoma mstari mmoja mmoja, na mstari ambao kundi lolote haliwezi kuishi nao, tutaukata. Hatutabishana. Tutaukata tu.

Mistari ilianguka kama majani. Wa bustani ulikatwa. Wa ng'ombe ulikatwa. Wa matofali, wa mwenyekiti. Nilipofika kwenye wa kwangu, yule mzee wa ng'ombe akasema taratibu kwamba upande ninaoutaka ndio njia pekee ya ng'ombe kushukia majini. Nilimtazama, nikaitazama kalamu. Nilitaka sana kuueleza ule mstari. Nikaukata.

Ulibaki mmoja, ambao nilikuwa nimeusikia kwa vipande katika kila nyumba: "Maji ya lambo yatangulie kwa watu na mifugo ya kijiji hiki, na mashine ya mtu yeyote isiwekwe mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali."

Niliusoma mara mbili. Hakuna aliyeukataa. Wala hakuna aliyeushangilia.

"Siku tatu juani," akasema kijana mmoja wa bodaboda, "halafu mnatuachia mstari mmoja?"

Jirani yangu akamjibu, "Mmoja ambao kila atakayeulizwa hapa atausema vile vile. Nitajie mwingine."

Hakuutaja, lakini hakutia sahihi. Yeye na wenzake waliwasha pikipiki zao wakaondoka, na akina mama wawili wa mchicha nao wakajifunga khanga wakaenda zao. Nawaelewa mpaka leo. Waliobaki walipanga mstari mbele ya dawati. Tuliazima kidau cha wino wa mihuri kutoka kwa mwalimu mkuu, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Mzee wa ng'ombe aliomba nimsomee tena, kisha akageuka akawaambia watu kwa Kisukuma, polepole, bila kuongeza neno. Nilikuwa nimekijua Kisukuma kiasi cha kumfuata. Hakuongeza neno.

Barua ilipelekwa na watu wanne, mmoja kutoka kila upande, ili asiwepo wa kusema iligeuzwa njiani. Mtendaji wa kata aliisoma akiwa amesimama, akatabasamu. Haukupita muda mrefu mkutano mkuu ukaitishwa, na mwenyekiti mwenyewe akausoma ule mstari kwa sauti na kuomba mikono. Nilitazama nyuma. Ilikuwa mikono mingi sana, na baadhi ilikuwa ya watu waliokuwa hawajasalimiana tangu kiangazi. Mashine ikaondolewa. Mwaka mwingine, mvua ziliponyesha vizuri, yule mkulima alikuja kuomba mkutanoni kama watu wengine, akapewa mwezi mmoja. Alishukuru, na siku zilipokwisha akaondoa mashine yake bila kukumbushwa.

Mengine yote yalibaki kama yalivyokuwa. Ng'ombe waliingia bustanini, sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitwa, faini zikatozwa. Wanangu waliendelea kunywa maji ya kuchemsha. Sitaki kumdanganya mtu kwamba tuliungana. Tuliungana mahali padogo tu, panapotosha kukanyaga mguu mmoja. Lakini nimeipima miili ya watu wa kijiji kile yote, warefu na wafupi, na najua hakuna nguo moja inayowaenea wote. Kwamba tulipata hata mstari mmoja unaowaenea, na kwamba uliandikwa kwa mkono wangu, ndilo jambo ninalojivunia kuliko magauni yote ya harusi niliyoshona.

Siku hizi naishi Ipuli, huku Tabora mjini, kwa binti yangu. Kabla sijahama, ulifika uchaguzi wa kijiji na jirani yangu akagombea uenyekiti. Alikuja uani akaniomba kura.

"Dada, wewe nakupenda," nikamwambia, "ila chama chako siwezi."

Alicheka kwa ile sauti yake ya kwaya. Nilimpigia kura mwingine, yeye akashinda bila mimi, na jioni ile nilikwenda kwake kumsaidia kupika ugali wa wageni.