Mauaji ya Ndugu na Swali Nililoliacha

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Wadachi, Wajerumani wale, Bwana Shauri wa Rumonge, yaani ofisa aliyesikiliza kesi, alinipa daftari jipya. Niandike humo mauaji ya aina moja tu: mtu na ndugu yake, mume na mke, baba na mwana. Wakubwa wa Usumbura walitaka kujua sababu. Nilikuwa nimetoka chuoni kwa mwalimu wangu wa Kurani na hati nzuri ya mkono, nikadhani hati inatosha.

Askari akileta mtuhumiwa, nilikaa naye kwenye baraza ya boma nikaandika jina, kijiji, silaha na sababu. Kwenye sababu mara nyingi niliandika neno moja: pombe. Mimi Mwislamu, pombe siijui wala sikutaka kuijua. Nikisikia ilikuwapo, nilifunga daftari.

Aliyenisahihisha ni mushingantahe wa Muhuta, mzee mwamuzi wa wenyeji, aliyekuja kutoa ushahidi. Alitaka nimsomee kurasa zangu, kisha akacheka.

"Karani, kwetu wote wanakunywa. Kama pombe ndiyo inaua, nani angebaki wa kukulimia mihogo? Uliza nani aliacha kunywa na ndugu yake."

Kwao chungu kimoja hutiwa mirija mingi, ndugu wakanywa pamoja. Mwenye kinyongo, au anayeogopa sumu, huja na kibuyu chake. Nikawarudia wafungwa mmoja mmoja, kwa aibu. Karibu kila mmoja alikumbuka kibuyu cha peke yake, miezi kabla ya damu.

Nikamuuliza mzee kama Muhuta yuko mtu wa hivyo sasa. Yuko Ndayizeye, alisema. Mtoto wake alifariki. Anaamini kaka yake Ntamagara ndiye aliyemloga, kwamba alikwisha kurudi kutoka upagazi akajificha asihudhurie maziko. Ameshanoa mkuki.

Orodha ya wapagazi niliiandika mimi mwenyewe. Nikaifungua, nikaisoma mara mbili, nikaenda kwa Bwana Shauri.

"Sina sheria ya kumfunga mtu kwa sababu ya kibuyu," alisema. "Siku tatu za ruhusa ninazo. Nenda."

Huko Muhuta mzee aliwakalisha ndugu hao wakitazamana. Nikasoma: mizigo ilitua Usumbura Ijumaa, na Ntamagara aliachiliwa siku hiyo. Mtoto alikuwa amezikwa Jumatano, siku mbili kabla.

Ntamagara alimtazama mdogo wake. "Ulinihesabia siku bila kuniuliza, mudogo wangu?"

"Niliogopa utajibu," akasema Ndayizeye, na hapo ndipo alipomlilia mtoto wake.

Chungu kikaletwa. Mzee akatia mirija mitatu, wa tatu akanielekezea mimi kwa utani. Niliomba maji, wakanicheka wote, hata Ndayizeye.

Leo nimestaafu, na Mungu amenipa macho ya kusoma bado. Ninyi mnaoanza kazi ya kuuliza watu, ulizeni na yale msiyoyapenda. Kila Idi ndugu wale wawili huniletea ndagala, dagaa wa ziwani, katika kikapu kimoja, wamekishika huku na huku.

Katika daftari lile uko ukurasa niliotangulia kuuandika kwa hofu, asubuhi ya safari: Ndayizeye, Ntamagara, Muhuta, mkuki. Nafasi ya sababu iko tupu mpaka leo. Alhamdulillahi.