Barua Thelathini za Mtu Mmoja

Asubuhi niliyotoka nyumbani Suma sikuwa na safari yoyote. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Nilikuwa nimejaribu kuchuma chai, kupasua mbao na kuuza parachichi, na kila kazi niliiacha nilipokwisha kuielewa. Nilifuata barabara kwa miguu hadi Tukuyu mjini. Mvua iliponikuta nikajibanza kwenye baraza la chumba kilichoandikwa mlangoni BARUA ZA KIINGEREZA. Ndani mzee mmoja alikuwa akipiga chapa bila kutazama vidole vyake. Nikamuuliza kwa nini herufi za mashine hazikupangwa kwa kufuata alfabeti.

"Unajua kusoma?" akauliza badala ya kunijibu.

"Najua."

"Basi ingia unisomee, mimi nipige. Macho yangu yamechoshwa na mwandiko wa watu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi. Mzee huyo alikuwa karani mstaafu wa mahakama, na mji mzima ulimwita Bwana Karani. Nililala chumba cha nyuma, kati ya marobota ya karatasi. Alinifundisha kubadili utepe wa wino, na kuweka karatasi ya kaboni, ile nyeusi inayotoa nakala, upande wenye wino ukitazama chini. Baada ya miezi michache nilikuwa napiga chapa mwenyewe.

Halafu zilikuwapo kanuni. Alizipata kwa padri aliyemfundisha Kiingereza utotoni, akaziandika kwenye kadibodi juu ya meza. Sentensi isianze na but wala and. Isiishie na kihusishi. Shall ni ya mimi na sisi, will ni ya wengine wote. Mwombaji afungue kwa kusema anayo heshima ya kuomba, afunge kwa kujiita mtumishi mtiifu, na katikati asijisifu. Hiyo ya mwisho haikuhitaji padri. Kwetu mtu hasimami mbele ya mkubwa akaanza kutaja uhodari wake.

Mimi nilitaka kujua sababu ya kila kanuni. Siku moja nilimwonyesha kipande cha gazeti la Kiingereza kilichokuja na maandazi. Sentensi mbili zilianza na but.

"Gazeti lenyewe unaona limefikia wapi," akasema. "Linafungia maandazi."

Sikumwona mjinga. Aliwahi kunieleza kwamba mahakamani alishuhudia hakimu akiirudisha rufaa ya mkulima bila kumaliza kuisoma, kwa sababu ya makosa ya Kiingereza. Mkulima akapoteza shamba. Tangu siku ile Bwana Karani aliamini kwamba maskini hana ruhusa ya kukosea.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yalijaa bidhaa, mitumba ikafika hadi vijijini, na serikali ikawa inauza mali zake. Kiwanda kimoja cha chai kikapata mwenye mali mpya. Meneja mgeni akatangaza kwamba kila mfanyakazi aombe kazi yake upya, kwa barua ya Kiingereza, aeleze anachokifanya. Watu walijipanga barazani kwetu tangu asubuhi. Mimi niliuliza majina, Bwana Karani akataja maneno, nikapiga. Tulimaliza barua thelathini kwa siku mbili, na hakuna hata moja iliyovunja kanuni.

Jumatano zikarudi zote katika bahasha moja. Tarishi wa kiwanda aliziweka mezani, akafuta mvua usoni.

"Meneja anasema zimeandikwa na mtu mmoja anayeomba kazi thelathini," alisema. "Zirudiwe. Mwisho kesho jioni. Ambaye hana barua, nafasi yake inatangazwa."

Wa kwanza kurudi alikuwa Mama Subilaga wa Kisondela, mjane aliyefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha kunyausha, yaani pale majani mabichi yanapopunguzwa maji kabla ya kusagwa. Bwana Karani alikuwa ametoka kununua karatasi.

"Mugonile, mama," nikamsalimu.

"Ndaga, mwanangu. Hebu nisomee. Hii barua inasema mimi ni nani?"

Nikamfasiria kwa Kinyakyusa. "Inasema wewe ni mtumishi mtiifu."

"Na ya mwenzangu anayechochea moto wa boila?"

"Mtumishi mtiifu."

"Tuko wengi!" Akacheka, kisha akaitazama tena ile barua. "Kazi hii ikiondoka, sina nyingine."

Nilimwomba aeleze kazi yake. Akainamisha kichwa, akasema anafanya tu kama wengine. Nikambadilishia swali.

"Mama, chukulia kwamba mimi ndiye nimeanza leo chumbani kwako. Utanifundisha nini?"

"Wewe? Kwanza nitakufukuza ukanawe mikono." Akavuta kiti. "Yakamate majani hivi, yafinye, achia. Yakikunjuka upesi, bado. Yakitulia kama donge, yako tayari. Lakini siku ya ukungu usiyaamini, yafinye tena. Na usingoje saa ya ukutani, saa haijui mvua."

Nilipiga chapa alivyosema, kwa mpangilio aliousema, kwa Kiingereza changu kifupi. Lakini yake ikawa but, na yake ikawa and.

Bwana Karani aliisoma akiwa amesimama. "Hii siyo barua, ni maongezi ya kisimani."

"Ndivyo alivyosema, mzee."

"Akikosa kazi atakula hizo but zako? Ile ya kwanza angalau ilikuwa na adabu."

"Ile ya kwanza imerudishwa, mzee."

"Mnagombania nini?" Mama Subilaga akauliza. Nikamweleza. Akazishika barua zote mbili, moja mkono huu na moja mkono ule, ingawa hakuweza kuzisoma.

"Nitakwenda na hii inayojua majani," akasema, akaiweka nyingine mezani.

Alipoondoka, Bwana Karani aliniambia bila hasira, "Kesho uondoke hapa."

Baadaye nilipiga chapa Kyela kwa Afisa Elimu, Mbeya kwa wakili, kisha kwa Mhasibu Mkuu wa kampuni ya usafirishaji, mpaka kompyuta zikanikuta. Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza kama kanuni zile zilikuwa na maana. Shall sijaiandika miaka mingi. Kihusishi nakiacha mwishoni kinapotaka kukaa. But naanza nayo, ila si ninapomwandikia mtu wa rika la Bwana Karani. Huyo ataliona doa kabla ya hoja, na atakayeumia ni mwombaji, si mimi. Hilo nilijifunza kwake, na nalishika.

Ila siku ile ya kufukuzwa sikuyajua hayo. Kesho yake asubuhi nilifunga nguo zangu, nikazunguka mjini, kisha nikashika njia ya Kisondela, kwa kuwa nilitaka kujua barua ile imepokewaje. Nilifika alasiri, nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba katikati ya migomba. Mama Subilaga alikuwa mlangoni, bado amevaa koti la kazi.

"Meneja aliisoma," aliniambia hata kabla sijauliza. "Kanichukua hadi chumba cha kunyausha, kaniwekea majani mkononi. Nikayafinya, nikamwambia bado. Akangoja. Nami nikamngojesha."

"Halafu?"

"Halafu yakawa tayari. Kesho naingia zamu kama kawaida." Akautazama mzigo wangu. "Na wewe Bwana Karani amekufukuza. Chumba cha kaka yangu kiko wazi tangu aende Chunya. Weka mzigo, kanawe mikono."