Korosho Mbichi za Baba Mdogo

Juzi pale mtaani Sakina, harufu ya korosho za kukaanga ilinirudisha kijijini Kikwe, jikoni kwa bibi, mchana ambao baba mdogo alirudi kutoka Mtwara na mfuko wa korosho mbichi zenye maganda. Sisi tulizoea kahawa na maharage; korosho mbichi hatukuwahi kuziona. Dada yangu Ndeshi aliiba moja akaing'ata kama njugu. Midomo ikawaka moto, ikavimba, na kesho yake alitakiwa kuimba peke yake kanisani.

"Bibi, nimelaaniwa!"

"Laana gani? Ulafi tu huo," bibi alisema, akimpaka samli.

Mimi niliamini kabisa kwamba korosho humtambua mwizi. Sasa najua ni mafuta makali ya ganda, yale yanayopakwa kwenye mbao zisiliwe na mchwa. Korosho huchomwa kwanza, ndipo unapata kiini kitamu, chenye mafuta mazuri na protini.

Jumapili Ndeshi alisimama na midomo kama maandazi, akaimba beti zote za wimbo wa Kiswahili bila kutoa "m" wala "b" hata moja. Mlangoni mzee wa kanisa alimshika mkono.

"Mwanangu," alisema, "Kizungu chako kimenyooka."