Mwaka Vyura Walipofika kwa Enid

Enid Holroyd aliendesha basi la mjini Todmorden, kaskazini mwa Uingereza, kwa muda mrefu, hata watoto aliokuwa akiwapeleka shule wakakua, wakawa wanapanda tena basi lake na watoto wao mapajani. Sauti yake kubwa aliipatia humo humo garini. Ukiganda karibu na mlango alikuambia usogee nyuma, nawe ulisogea, na waliosimama kituoni ng'ambo ya barabara nao walijikuta wamesogea. Siku aliyostaafu wenzake walimpa keki na saa ya ukutani. Saa akaitundika jikoni, keki akaila na mumewe Ronnie, na asubuhi ya pili yake akachukua sepetu akaenda nyuma ya nyumba kuchimba shimo.

Jirani yake, Norris Greenwood, mjane aliyekuwa fundi bomba, alikuja akaegemeza viwiko juu ya ukuta wa mawe uliotenganisha bustani zao.

"Shimo la nini hilo? Usiniambie Ronnie amekuudhi."

"La vyura," Enid akamjibu bila kuinua kichwa. "Na wewe maswali yakizidi, nitalirefusha kidogo."

Habari ya vyura ilianzia barabarani. Jioni moja ya mvua, mwishoni mwa baridi, Enid alikuwa akishuka mlima na basi lililojaa watu watokao kazini. Taa za gari zikamulika lami, na lami ikawa inarukaruka. Vyura walikuwa wakivuka kwenda kuzaa, wadogo kwa wakubwa, wengine wamebebana mgongoni. Enid alizima injini, akavua kofia yake ya kazi, akashuka kwenye mvua. Abiria walinung'unika. Mmoja akasema ataandika barua ya malalamiko. Lakini walipomwona yule mama mnene ameinama barabarani, anawazoa vyura kwa kofia na kuwavusha, wakaanza kushuka mmoja mmoja, na yule wa barua naye akawa anabeba vyura kwenye mfuko wa mkate. Tangu jioni ile Enid alijiapiza kwamba akipata nafasi, atawawekea vyura maji yao kwake, wasiwe na haja ya kuvuka barabara yoyote.

Basi akachimba, akatandika turubai nene, akaacha mvua ijaze, na mvua ya Todmorden haina ubahili. Akapanda yungiyungi, akapanda majani ya chini ya maji yanayotoa hewa, akapanga mawe upande mmoja kama ngazi ili kiumbe mdogo aweze kuingia na kutoka. Vyura hawakuja. Mwaka uliofuata hawakuja. Ronnie, kwa kumhurumia, akaenda kwenye tamasha la mji akarusha mipira kwenye makopo mpaka akashinda samaki wa dhahabu, mdogo kama kidole, akamleta kwenye mfuko wa plastiki.

"Si chura," Ronnie alisema, "lakini anaogelea."

Wakamwita Meja kwa vile alivyokuwa akizunguka kidimbwi kama anayekagua gwaride. Ronnie alipofariki, Meja alikwisha kuwa mkubwa kama kiatu, ana wenzake aliotafutiwa dukani, na akisikia kijiko kinagonga kopo la chakula anapanda juu na kufungua mdomo. Miaka ile Enid alizoea kunywa chai yake ya asubuhi ukingoni, akimweleza Meja mambo yote ambayo angemweleza Ronnie.

Vyura bado. Watu wakamshauri achukue mayai yao kwenye kidimbwi cha mtu mwingine ayamwage kwake. Enid alikataa. Alijua maji ya watu hubeba magonjwa na magugu, na zaidi ya hayo alikuwa na kiburi chake. "Nimewawekea mlango wazi," alisema. "Sitawaburuta kwa miguu."

"Wanakuja mpaka kwenye ukuta," Norris alimwambia, "wakisikia unaongea na simu, wanageuka."

Norris mwenyewe alikuwa na bwawa kubwa upande wa pili, lenye pampu, mabomba na wavu juu wa kuzuia korongo, na ndani yake samaki wa Kijapani wenye mabaka mekundu na meupe. Maji yake yalikuwa meupe hata ungeweza kusoma gazeti chini yake. Enid aliliita wodi. "Wagonjwa wako wameamkaje leo?" alikuwa akimuuliza, na Norris alijifanya hakusikia.

Mwaka ule baridi ilikaza. Barafu ilipofunga kidimbwi, Enid hakuivunja kwa nyundo, maana kishindo humuumiza samaki aliyelala chini. Aliweka sufuria ya maji ya moto juu yake mpaka ikatoboka tundu la kupumulia. Siku zilipoanza kuwa ndefu kidogo, akavaa mabuti ya mpira akaanza usafi wa majira ya kuchipua. Alikwangua majani yaliyooza kwa reki, akayarundika ukingoni mpaka kesho yake ili wadudu waliomo warudi majini wenyewe. Alikata mabua makavu. Alilitoa kapu la yungiyungi, zito kama mtoto aliyelala, akaligawa shina kwa kisu cha mkate na kurudisha nusu. Meja alipanda juu kuomba.

"Bado, baba," Enid alimwambia. "Maji ni baridi, tumbo lako limelala. Nikikulisha sasa nitakuua."

Kisha ikanyesha mvua ya uvuguvugu usiku kucha. Asubuhi Enid alikuwa anapaka siagi kwenye mkate aliposikia mngurumo wa chini chini kutoka bustanini, kama pikipiki iliyo mbali sana. Alidhani pampu ya Norris inakata roho. Akafungua mlango wa nyuma ili amcheke. Pampu ilikuwa kimya. Mngurumo ulitoka kwenye kidimbwi chake.

Alitembea kwa ncha za vidole, na kisu cha siagi mkononi. Kati ya majani machanga ya yungiyungi kulikuwa na vichwa. Macho mawili mawili, yanang'aa, na makoo meupe yanavimba na kunywea. Alijaribu kuwahesabu akashindwa kwa sababu walikuwa wakipandana na kusukumana, na kwa sababu macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa maji. Hapo Enid akasahau kunyamaza.

"Norris. Norris, njoo."

Nyumba tatu zilifungua madirisha. Vyura wote walizama. Norris akatokea ukutani na povu la dawa ya meno mdomoni.

"Nani amekufa?"

"Nyamaza. Nyamaza uangalie."

Wakanyamaza. Mtu na jirani yake, mmoja na kisu, mmoja na mswaki, mvua ikiwadondokea. Kichwa kimoja kikaibuka. Kisha kingine. Kisha mngurumo ukaanza tena. Norris akameza povu lake bila kutaka.

"Enid," akasema taratibu, "wamekuja hata na maharusi."

Siku nzima Enid hakufanya kazi nyingine. Binti yake Janine alipopiga simu kutoka Leeds alisikia mama yake ananong'ona, jambo ambalo hakuwahi kulisikia maishani mwake, akashtuka. "Mama, uko hospitali?"

"Niko na vyura. Nitakupigia."

Asubuhi iliyofuata bonge la mayai lilikuwa linaelea upande wenye mawe, kubwa kama mto wa kulalia, uteute mtupu wenye vitone vyeusi. Enid alipiga magoti kwenye matope akaugusa kwa kidole kimoja. Ulitetemeka. Naye akacheka peke yake kama msichana.

Alikuwa bado anacheka alipoona rangi ya dhahabu inapita chini. Meja alikuja polepole, akafungua mdomo, akavuta kipande cha uteute, akakitafuna na kutema, akarudi kuvuta tena. Nyuma yake wenzake wakapanga foleni.

"Acha," Enid alimwambia. Akapiga maji kwa kiganja. Samaki wakatawanyika, na kufumba na kufumbua wakarudi.

Alimpigia kelele Norris, safari hii bila aibu. Norris alikuja, akatazama, akakuna kidevu. "Hayo mayai wanaonja tu. Ngoja yaanguliwe, viluwiluwi wakianza kuogelea. Hapo ndipo utaona sikukuu. Hatabaki hata mmoja wa kukusimulia."

"Nifanyeje?"

"Wavu katikati hautafaa, watoto watapenya. Ni samaki au vyura, Enid. Kidimbwi chako si kikubwa."

Enid alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akatazama. Huku vyura aliowangoja miaka yote ile. Huku Meja, aliyekuja mkononi mwa Ronnie. Chai yake ikapoa pembeni hajainywa. Mwishowe akainuka, akaenda ukutani, akasafisha koo.

"Norris. Bwawa lako lina nafasi?"

"Bwawa gani?"

"Usinifanyie hivyo, bwana."

"Ninalo bwawa. Nina wodi pia. Unaulizia lipi?"

"Naulizia wodi," Enid alisema. "Nina mgonjwa wa kulaza. Nakuomba."

Norris alimwangalia usoni, akaona si mzaha tena. Akaenda kuvaa suruali yake ya mpira inayofika kifuani.

Kumvua Meja haikuwa kazi ndogo. Wenzake walinaswa mapema, lakini yeye alikuwa mzee wa mahali pale na alijua kila kapu na kila jiwe. Norris aliingia majini na wavu, akinyata ili asivuruge mayai. Meja akapita kati ya miguu yake. Norris akageuka, akakanyaga kapu la yungiyungi, akaelea hewani kidogo kama anayefikiria jambo, kisha akakaa majini mpaka shingoni.

"Mayai," Enid akapiga yowe. "Angalia mayai."

"Mimi nazama, yeye anauliza mayai," Norris alisema, na jani limemkaa kichwani kama kofia ya sikukuu. Lakini mayai yalikuwa salama, naye alikuwa akicheka mpaka kifua kinamkereketa.

Hapo Enid akaingia jikoni, akarudi na kopo la chakula, kijiko, na beseni la kuoshea vyombo. Alipiga magoti, akazamisha beseni, akagonga kopo kwa kijiko. Meja hakuwa ameisikia sauti ile tangu majani yaanguke. Alipanda moja kwa moja, mdomo wazi, akaingia mwenyewe juu ya beseni. Enid akamwinua.

"Nisamehe, baba," alimwambia. "Si mbali. Ni ng'ambo ya ukuta tu."

Walimtia kwenye mfuko mkubwa pamoja na maji yake, wakauacha uelee kwenye bwawa la Norris kwa kitambo ili joto la maji lilingane, ndipo wakaufungua mdomo. Meja alitoka, akasimama, akatazama wale Wajapani waliomzidi ukubwa mara tatu. Kisha akaanza kuzunguka bwawa, pembe kwa pembe, na wale wakubwa wakamfuata nyuma.

"Anakagua," Norris alisema. Enid akaukunja mfuko mtupu mara mbili, na Norris akamshika bega kwa mkono uliolowa chapachapa.

Baada ya hapo hapakuwa na utulivu. Redio ikatangaza sakitu, ile baridi ya usiku inayogandisha umande, wakatandaza pazia kuukuu la bafuni la Norris juu ya mayai; yale ya juu kabisa yaligeuka meupe yakafa, ya chini yakapona. Vitone vikawa kama alama za mkato, mikato ikaanza kujikunjakunja, na asubuhi moja maji yalikuwa meusi kwa viluwiluwi wakitafuna ukungu wa kijani kwenye mawe. Norris, ambaye hakuwahi kuvuka ukuta ila kwa shida, sasa alikuwa anavuka kabla ya kifungua kinywa. Alileta kioo cha kukuzia. Alileta habari kama mtu wa gazeti. "Wana miguu, Enid. Ya nyuma. Njoo uone, ni kama nyuzi." Na Enid alikuwa anatupa kijiko anakimbia.

Kwa upande wake yeye alikwenda kila siku kumwona Meja, na iliuma kidogo kumkuta anakula kwenye mkono wa Norris bila hata kugongewa kopo. "Kasahau mapema," alisema.

"Hajasahau. Ananihurumia tu."

Wiki moja ya mwezi wa sita, baada ya ukame mfupi, mvua ilinyesha mchana. Janine alikuwa amekuja kumtembelea mama yake, akawa anavuka nyasi kwenda kuanua nguo.

"Simama," Enid akamwamrisha kwa ile sauti ya basi, na Janine akasimama na mguu mmoja juu.

Nyasi zilikuwa zinacheza. Vyura wadogo kama ukucha, wengine bado na kibonge cha mkia, walikuwa wanatoka majini kwa mamia, wanapanda mawe, wanaanguka, wanapanda tena, wanasambaa kila upande. Mmoja akaruka juu ya kiatu cha Janine akakaa hapo akipumua. Janine, mhasibu, mtu wa viatu safi, akainama polepole akamtazama.

"Mama," akanong'ona, "ni hawa?"

"Ndio hawa."

Upande wa pili Norris alikuwa ametoka na mashine yake ya kukatia nyasi. Aliwaona wanapenya kwenye matundu ya ukuta na kuangukia kwake kama mchanga, akaizima mashine, akairudisha bandani, akafunga mlango. Majira yale nyasi za bustani zote mbili zilimea mpaka magotini. Majirani wa juu walisema mtaa unaharibika. Enid na Norris waliweka viti viwili ukingoni mwa kidimbwi, wakawa wanaangalia chini kabla ya kuweka mguu, kila hatua, na walichelewa kila mahali walipoalikwa.