Muchwa wa Nyamitaba

Nikiona watu wananunua chakula ya kuku mu mifuko, nakumbuka kuku wangu wa Nyamitaba, wakati wa Wabeleji, na haya inanirudia.

Nilikuwa muke wa shemasi, na kanisa ilitukataza pombe. Lakini nyuma ya migomba nilificha mutungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mashapo nilipatia kuku wayamalize, alama isibaki. Nilijiona mujanja kweli.

Muchungaji akaja kutusalimia, akasifu kuku vile walinona.

"Unawapatia nini, Mama?"

"Muchwa tu, Papa."

Jogoo akatokea anayumba, akawika nusu, akaanguka juu ya viatu vya mugeni. Muchungaji akamuinua, akamunusa mudomo.

"Twende unionyeshe fasi hiyo muchwa inatoka."

Mbele nijibu, kuku wengine walishatutangulia kwenye migomba.