Gari Lililofunga Breki Kabla Yangu

Mimi sikukanyaga breki. Nalisema hilo mapema ili tuelewane.

Gari lilisimama lenyewe. Gwaa! Mkanda ukanibana kifua, chai ikanimwagikia mapajani, nikatoa tusi ambalo siwezi kuliandika hapa.

Nikainua macho. Mbele ya bampa, hatua moja tu, kasimama Spana na boksi lake la vifaa begani, macho yamemtoka pima.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, uwanja wa kampuni mtupu. Na mimi sikuwa nimemwona.

"We mzee, unataka kuniua?"

"Na wewe unakatiza mbele ya gari kama unakatiza sebuleni kwenu!"

Tukacheka. Tulicheka, jamani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilikuwa dereva wa kampuni ya kuchimba visima, mwaka wa kumi na tisa huo. Kazi yangu ni kuvuta tela lenye mtambo. Spana ndiye fundi wetu, na ndiye aliyekuwa anafunga tela kwenye kulabu ya gari. Tumekula sahani moja tangu tukiwa wabeba mabomba. Mke wangu anamwita shemeji, wanangu wanamwita baba mdogo.

Mwaka ule kampuni ikaleta pikapu mpya. Si zile za kubebea nyanya. Dude! Toleo lililosukwa upya kuanzia taa mpaka chasisi. Lifungie tela la tani kumi, linapanda kilima kama halijabeba kitu.

Kamera kila kona. Kwenye skrini unaona nyuma ya tela utadhani tela halipo. Mtu akiwa ubavuni, taa inawaka kwenye kioo cha pembeni. Ukitaka kufunga tela unabonyeza kitufe, unaachia usukani, linarudi nyuma lenyewe, na likihisi mtu, linasimama.

Tukalibatiza Mheshimiwa.

Madereva wenzangu walinung'unika, eti linajifanya linajua kazi kuliko wao. Mimi nililipenda kupita kiasi, na sababu sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Nilikuwa sioni pembeni.

Ilianza polepole. Mara nagonga fremu ya mlango kwa bega, mara mtu ananisalimia kutoka kushoto nasikia sauti tu, mwenyewe simwoni mpaka nigeuke. Mbele naona safi kabisa, nasoma hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Pembeni, hakuna kitu.

Utaniuliza, kwani hamkuwa mnapimwa macho?

Tulipimwa kila mwaka. Unatazama pua ya nesi, yeye ananyoosha vidole pembeni, unataja ni vingapi. Tatizo ni kwamba nesi yule alikuwa na mpangilio mmoja, miaka nenda miaka rudi. Spana ndiye aliyeugundua. Siku ya vipimo anasimama mlangoni anagawa majibu.

"Mbili, moja, nne, mbili. Shika hiyo, mzee, usizubae."

Nikafaulu miaka mitatu mfululizo.

Niliogopa, basi. Nikinyang'anywa usukani mimi ni nani? Kwa hiyo nikamwachia Mheshimiwa anionee.

Halafu siku moja Mheshimiwa akapelekwa kufanyiwa matengenezo. Meneja wetu, mama asiye na maneno mengi, akanikabidhi ufunguo wa gari la zamani.

"Leo utavuta na hili. Kuna watu wanasubiri maji."

"Mama, si tungoje kesho tu?"

"Kwa nini? Umesahau kuendesha gari la kawaida?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni kabisa. Nikacheka nao, nikapanda.

Nikaanza kurudi nyuma kufuata tela. Kioo cha kulia, sioni mtu. Kioo cha kushoto, naona ukuta na kipande cha tela. Nikajiambia Spana ameshasogea. Nikaachia klachi.

Nilisikia kwanza kitu kinavunjika. Sauti ya Spana ilikuja baadaye.

Miguu yake yote miwili ilikuwa katikati ya bampa na tela.

Nilimwona tena baada ya wiki mbili, wodini. Mguu wa kulia ulikuwa umekatwa juu ya goti. Wa kushoto umejaa vyuma.

"Nimewaambia niliteleza," akasema. "Usiende kuniharibia."

Nikashindwa. Nikalia mbele ya wagonjwa wote. "Ndugu yangu, hukuteleza. Mimi pembeni sioni, mwaka wa tatu huu. Nilijua, na bado nikapanda lile gari."

Nikangoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Na mimi kwa nini sikuruka?" akauliza.

Sikumwelewa.

"Gari lilikuja taratibu, mzee. Hata bibi kizee angeruka. Muungurumo niliusikia, nikadhani bado liko mbali. Nilikuwa nimeinama natazama shingo ya tela, likanijia ubavuni. Sikuliona. Mimi huko pembeni kulizimika kabla yako."

"Wewe?"

"Zile namba unadhani nilizikariri kwa ajili ya nani? Zilikuwa zangu. Nyinyi niliwapa ili nisiwe mwongo peke yangu."

Akageukia ukutani.

Nilikwenda kwa meneja nikasema yote. Akanyoosha mkono tu nikampa ufunguo. Daktari wa macho akaniambia ni presha ya macho. Ningewahi, matone ya kila siku yangeweza kuizuia. Kilichopotea hakirudi.

Leo naona dunia kupitia tundu dogo, na linazidi kufumba. Maneno haya ananichapia binti yangu. Spana yuko kwao, hataki wageni, hata mimi.

Madereva wote kumi na mmoja walipimwa upya, na nesi mwingine, bila mtu mlangoni. Wanne walikuwa kama sisi.

Magari yanaundwa upya kila baada ya miaka michache. Mimi nilidhani nimepona kwa sababu gari limenizidi akili. Nenda kapimwe wiki hii hii, na kama huoni, sema huoni. Sisi tulifanya kazi pamoja miaka yote hiyo, kila mmoja akiamini mwenzake anamwona.