Namba Nane ya Loise Nzilani

Loise Nzilani wa Masii hajui kukaa bure. Hata akija kukusalimia tu, mkonge uko pajani, anasokota uzi huku akikuuliza habari za watu wa kwenu, na ukimaliza kumjibu kiondo kimeongezeka mistari miwili. Hatuna undugu wa damu. Mama yangu alipolazwa karibu mwaka mzima, mimi nikiwa kidato cha pili, ni Loise aliyenichukua, akanilisha, akanirudisha shule kwa vyondo vyake. Namwita mwaitu, yaani mama yetu, na sijaona mwingine anayestahili jina hilo zaidi. Sasa sikia nilivyomlipa.

Mimi ni Mueni. Nafanya kazi Machakos mjini, chumba cha juu ya duka la hadwea. Watu wenye maduka ya mtandaoni huniletea maneno, nami huwaambia: mtu akiandika maneno haya kwa Google, itakuwa kazi ngumu kiasi gani duka lenu litokee kati ya majibu ya kwanza? Niko na programu inayotoa namba, kuanzia sifuri mpaka mia. Namba ndogo ni ya kijani, maana yake rahisi. Kubwa ni nyekundu, ujipange. Lakini namba ni mwanzo tu. Programu huhesabu ni tovuti ngapi zinazoelekeza watu kwa zile kurasa zilizo juu, basi. Haikuambii kama aliyekaa hapo juu ni duka linalojulikana dunia nzima. Kwa hivyo lazima uandike yale maneno mwenyewe, ufungue majibu ya kwanza, uangalie kwa macho yako ni nani wamekaa pale. Hilo mimi huwafundisha wengine, tena kwa ukali.

Mwishoni mwa mwaka jana Loise alikuja ofisini, ametumwa na mwethya wao. Ni kina mama kumi na wawili, wanalimiana mashamba kwa zamu na wanasuka vyondo pamoja. Miaka yote walikuwa wanamuuzia mchuuzi mmoja, Muthoka, na Muthoka aliwabana vile alivyotaka. Mimi nilikuwa nimewatengenezea tovuti yao, na sasa walitaka kuuza wenyewe. Loise aliketi kwa ukingo wa kiti, akaacha kusokota, na hiyo peke yake ingenishtua.

"Niambie ukweli, Mueni," akasema. "Tutaonekana? Tukimwacha Muthoka hatuna mwingine."

Ilikuwa Ijumaa, na nilikuwa nakimbilia ntheo ya rafiki yangu Mutanu, ile sherehe ya mbuzi za mahari. Gari la wenzangu lilikuwa linapiga honi huko chini. Nikaandika maneno yao, yale mnunuzi wa vyondo angeandika, kwa programu. Ikatoa namba nane, kijani kibichi.

"Hii ni rahisi, mwaitu. Miezi mitatu mtakuwa juu."

Kufungua majibu ya kwanza kungenichukua dakika tano. Mteja nisiyemjua hata kwa sura ningemkalia saa nzima. Yule aliyenilea nilimsomea namba, nikafunga laptopu, nikashuka ngazi mbio na viatu vipya. Ninaona aibu mpaka leo nikivivaa.

Loise alirudi Masii akawaambia wenzake, na Muthoka akaambiwa ahsante, inatosha. Baada ya wiki chache nikaona wageni wa tovuti wanaongezeka. Kila Alhamisi walipanda. Nikampigia Loise simu kumwambia mambo yanaiva, nikajisifu kidogo, na yeye akacheka akasema alijua tu. Hata hapo sikuuliza wageni hao wanatoka wapi. Kwa nini niulize, na mimi ndiye bingwa?

Mwezi wa tano nikaenda kuwatembelea, na ilikuwa Alhamisi. Walikuwa wamemaliza kuchimba matuta kwa shamba la Peris, mmoja wao, udongo bado uko miguuni. Wakaomba, halafu kila mmoja akatoa simu. Nikadhani wanataka tupige picha. Kumbe wote kumi na wawili waliandika yale maneno kwa Google, wakafungua tovuti yao, wakatembelea ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa utulivu, kama watu wanaosoma masomo ya Jumapili. Peris akanieleza kwamba Loise ndiye aliyeanzisha. Shamba la mtu mmoja linachimbwa na wote, kwa hivyo tovuti nayo isukumwe na wote. Akanionyesha simu yake kwa furaha: wao ndio wa kwanza kabisa. Walikuwa wameifungua mara nyingi hivi kwamba simu zao zilikuwa zinawarudishia kile walichozoea.

Nikatoa simu yangu ya pili, ambayo haikuwahi kufungua tovuti hiyo, nikaandika maneno yale yale. Maduka makubwa ya ng'ambo, jumba la makumbusho, video za watalii. Nikashuka, nikashuka tena. Mwethya haukuwepo. Na kwa nyumba ya Loise, vyondo vilikuwa vimepangwa kutoka sakafuni hadi dirishani, vya miezi sita, vya wanawake kumi na wawili.

Nilimvuta Loise kando, karibu na tangi la maji, nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Siku ile, uliangalia ukaona vibaya, ama hukuangalia?"

"Sikuangalia, mwaitu."

Alitikisa kichwa polepole, akaniambia nikatafute kiti, wenzake wanangoja.

Akasimama mbele yao. Nilidhani atanitaja, na haki ya Mungu nilikuwa tayari kutajwa. Aliwaambia kwa Kikamba kwamba kosa ni lake. Mueni alimwonya kwamba kazi ni ngumu, lakini yeye alisikia alichotaka kusikia, na kesho atakwenda kwa Muthoka mwenyewe kumwomba awapokee tena. Wengine waliguna. Mmoja alisema maneno makali kuhusu watu wanaopenda kuongoza. Mimi nilikuwa kwa kiti cha plastiki, mita tatu kutoka kwake, na mdomo ninao. Nilinyamaza.

Muthoka aliwapokea, kwa bei ya chini kuliko ya zamani. Aliwapokea kumi na mmoja. Vyondo vya Loise alivikataa mbele ya soko zima, ili wengine wajue. Uongozi wa mwethya sasa uko kwa Peris.

Nimerudi Masii mara moja tu tangu hapo, nikiwa nimeazimia kusema ukweli mbele ya wote. Kabla sijafungua mdomo Peris alisimama, akasema mwethya unamshukuru mtoto wao Mueni, aliyewaonya mapema akakosa kusikilizwa. Wakapiga makofi. Kisha Loise akaja na kiondo, kimoja cha vile vilivyokataliwa, akakinyoosha kwangu huku akiniangalia usoni, akisubiri.

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante, nikaketi.